Somo la Kikundi: Jiwe la Betheli na Dawa ya Miezi Sita

Vikundi vingi hapa Isiolo vimechanganyika, Wakristo na Waislamu, na hilo ni jambo jema. Somo hili linasoma Biblia, lakini linaongea juu ya nadhiri, na nadhiri kila mmoja wetu anaijua.

Kwa somo la leo mtahitaji Biblia na daftari la kikundi. Sisemi kitabu cha akiba, nasema lile daftari ambalo katibu anaandika kumbukumbu za mikutano. Kama limeliwa na mchwa, tumieni kichwa cha mama mmoja ambaye hasahau kitu. Kila kikundi kina mama kama huyo.

Kabla ya kusoma, katibu atafute azimio moja la zamani. Lile ambalo siku lilipopitishwa watu walipiga makofi, pengine hata mtu alilia. Labda lilipitishwa baada ya mafungo, au mwisho wa Kampeni ya Kwaresima, au siku mvua iliponyesha baada ya misimu mitano ya ukame. Kwamba kila mwezi tutatoa shilingi 50 kwa wagonjwa. Kwamba watoto wa marehemu fulani tutawasomesha sisi. Lisomwe kwa sauti, pamoja na tarehe yake. Halafu mtu asiulizwe kitu. Liacheni daftari wazi hapo katikati, tutalirudia.

Nimezunguka na vikundi kutoka Ngaremara mpaka Garba Tulla, na karibu kila daftari lina ukurasa wa namna hiyo. Siandiki ili kuaibisha mtu. Daftari langu mimi ni baya kuliko yenu, na nitalifungua pia kabla hatujamaliza.

Kijana aliyekimbia

Mwongozaji amwombe mtu mmoja asome Mwanzo 28:10–22, pole pole. Wasiojua kusoma wasikilize vizuri, kwa sababu hii ni habari ya mfugaji, na mara nyingi wao wanaielewa kuliko sisi tuliokaa darasani.

Yakobo hakuwa akisali usiku ule. Alikuwa anakimbia. Alikuwa amemdanganya baba yake ambaye macho hayaoni, akachukua baraka ya kaka yake, na sasa Esau anataka kumwua. Jua limetua akiwa njiani. Hana hema, hana mbuzi hata mmoja, ana fimbo tu. Analala chini, na kichwa anakiweka juu ya jiwe, kama vile mchungaji yeyote wa huko Merti amewahi kulala. Usiku huo ndio Mungu anamwonyesha ngazi inayofika mbinguni, na anamwahidi kwamba atakuwa naye na atamrudisha nyumbani. Hakuahidiwa kwa sababu ni mtu mwema. Wema wenyewe bado hatujauona.

Asubuhi anaamka na hofu. Analisimamisha lile jiwe, analimiminia mafuta, na mahali pale anapaita Betheli, nyumba ya Mungu. Kisha anaweka nadhiri. Mungu akimlinda, akimpa chakula na nguo, akirudi salama kwa baba yake, basi huyo ndiye atakuwa Mungu wake, na sehemu ya kumi ya mali yote atamtolea.

Wengi wetu tunaijua asubuhi hiyo. Kuna aliyeiona kwenye mafungo. Kuna aliyeiona kwenye wodi ya akina mama, mtoto aliyezaliwa kimya alipolia. Kuna aliyeiona mwaka 2022, ukame umemaliza boma lote, na ng'ombe mmoja aliyebaki akasimama tena kwa miguu yake mwenyewe. Kuna mzee aliyebatizwa usiku wa Pasaka, maji yakimtiririka shingoni, na akajua. Mtu asidharau asubuhi hiyo. Ni ya kweli. Mungu hukutana na watu, na hukutana nao hata huku kwetu kwenye vumbi.

Lakini geuzeni ukurasa, sura ya 29. Yakobo anachukua fimbo anaenda zake. Sasa kuna safari, kuna kisima, kuna msichana, kuna baba mkwe. Jiwe limebaki kule nyuma peke yake, linapigwa na jua, na mafuta yanakauka.

Mwongozaji asimame hapa na aulize: Wewe, mafuta ya jiwe lako yalikauka lini? Watu waongee wawili wawili kwa dakika kumi. Mtu asilazimishwe kusema mbele ya wote.

Miaka 20 kwa Labani

Yakobo alikaa kwa Labani miaka 20. Miaka 14 alifanya kazi kwa ajili ya wake zake wawili, na 6 kwa ajili ya mifugo. Someni Mwanzo 31:38–41. Nimeona wazee wakitingisha kichwa sehemu hii inaposomwa, kwa sababu ni maneno ya mchungaji anayedai haki yake. Yakobo anamkumbusha Labani kwamba kondoo na mbuzi hawakuharibu mimba mikononi mwake, kwamba mnyama aliyeraruliwa hakumleta kama ushahidi bali alimlipa yeye mwenyewe, kwamba mchana joto lilimchoma na usiku baridi ilimkosesha usingizi, na kwamba pamoja na hayo yote mshahara wake ulibadilishwa mara 10. (Ile habari ya fito na mbuzi wa madoadoa, sura ya 30, tuiache leo. Ujanja wake ulikuwa bado haujaisha.)

Ngazi hakuiona tena. Miaka inapita, ni mbuzi, ni watoto, ni ugomvi wa wake wenza, ni Labani. Karibu na mwisho ndipo Mungu anamtokea katika ndoto na kujitambulisha kwake kuwa ndiye Mungu wa Betheli, pale alipotia jiwe mafuta na kuweka nadhiri (31:13). Kumbe jiwe lilikuwa halijasahauliwa. Lakini aliyelikumbuka ni Mungu.

Nataka tukae hapa kidogo, kwa sababu wengi wetu tunakosea hapa. Tunafikiri uaminifu ni kubaki na ile hisia ya asubuhi ya kwanza. Ikiisha tunasema imani yetu imepoa, tunatafuta mkutano mwingine wa kutuwasha, semina nyingine, muhubiri mwingine mwenye spika kubwa. Yakobo hakupewa hisia ile kwa miaka 20. Alipewa mbuzi wa kuchunga. Na yule aliyekuwa mdanganyifu nyumbani kwa baba yake, huku porini alijifunza kulipa mbuzi aliyeliwa na mnyama, hata kama hakuna aliyeona. Mimi naamini huko kulipa kulikuwa sehemu ya kumjibu Mungu, pengine bila yeye kujua.

Hata hivyo ilibaki nadhiri yenyewe. Yakobo alirudi salama. Esau alimkumbatia. Chakula alipata, nguo alipata, mifugo akapata mpaka akawa na makundi mawili. Kila kitu alichoomba pale kwenye jiwe amepewa. Kilichobaki ni kwenda Betheli. Lakini someni 33:17–19. Anajenga nyumba na mabanda ya mifugo huko Sukothi. Halafu ananunua kipande cha shamba Shekemu, analipa fedha, anapiga hema.

Kutoka Shekemu hadi Betheli si mbali. Ni kama kutoka Isiolo mjini hadi Archer's Post. Mtu mwenye kondoo anafika kwa siku mbili. Yakobo hakukataa kwenda. Hakumkana Mungu, hata madhabahu alijenga palepale Shekemu. Alikaa tu. Watoto wakawa wakubwa.

Sura ya 34 isomwe na watu wazima peke yao. Binti wa Yakobo alitendewa unyama, na ndugu zake wakalipiza kisasi kwa kuua wanaume wa mji mzima na kuchukua mifugo yao, wanawake na watoto. Sisi wa Isiolo tunaijua habari ya namna hiyo bila kufungua Biblia. Sisemi kwamba yote yalitoka kwa nadhiri iliyocheleweshwa. Biblia haisemi hivyo, na aliyedhulumiwa hana kosa lolote. Nasema tu kwamba Yakobo alikuwa amekaa mahali ambapo hakuahidi kukaa, na ndani ya mizigo ya watu wake kulikuwa na miungu ya kigeni, na yeye kama mwenye boma hakuwa amesema neno.

Ndipo Mungu anamwambia ainuke aende Betheli (35:1). Hakumpa maono mapya. Alimrudisha kwenye yale ya kwanza.

Mwanamke wa Wajir

Sasa tuache Biblia kidogo, tushike barabara ya Modogashe mpaka Wajir. Kuna mtu aliyeishi huko ambaye maisha yake yamenisaidia kuelewa habari hii ya Yakobo, na wazee wengi wa kaskazini bado wanamkumbuka.

Annalena Tonelli alizaliwa Forlì, Italia, mwaka 1943. Alisomea sheria. Hakuwa sista, hakuwa daktari, na hakutumwa na shirika lolote la kitawa. Tangu msichana alitaka kumfuata Yesu Kristo na kuishi kwa ajili ya maskini, na mambo hayo mawili hakuyatenganisha tena. Miaka sita alihudumia maskini wa mji wake. Mwaka 1969, akiwa na miaka 25, alikuja Kenya akawa mwalimu, na baadaye akafika Wajir.

Fikirini vile alivyoonekana. Mwanamke mzungu, Mkristo kati ya Waislamu, hajaolewa, hana mtoto, na amechagua mwenyewe kuwa maskini. Kwa hesabu ya kijiji, huyo hana heshima yoyote. Hakuja kubadilisha dini ya mtu. Alikaa.

Mwaka 1976 alikabidhiwa mradi wa majaribio wa Shirika la Afya Duniani wa kutibu kifua kikuu kati ya wafugaji wanaohamahama. Mnajua shida ilikuwa wapi. Matibabu ya zamani yalichukua mwaka mmoja au zaidi. Mfugaji analazwa wodini, anapata nafuu, anasikia mvua imenyesha upande fulani, na mbuzi wanamngoja. Anaondoka na vidonge mfukoni, au bila vidonge. Baada ya muda anarudi akiwa amezidiwa, au harudi.

Annalena hakuwagombeza. Aliwaruhusu wajenge vibanda vyao vya kawaida mbele ya kituo, waje na mtu wa nyumbani, wakae humo miezi sita ya ile dawa mpya. Watu wakapaita manyatta ya TB. Kila siku mgonjwa alimeza dawa mbele ya mhudumu, anaonekana kwa macho. Kazi hii ya Wajir, pamoja na ile ya Karel Styblo kule Tanzania, ni kati ya zile zilizoonyesha njia ambayo Shirika la Afya Duniani lilieneza duniani katika miaka ya 1990 kwa jina la DOTS. Mgonjwa wa Isiolo anayemeza dawa leo mbele ya shahidi anafuata njia iliyopitia Wajir.

Februari 1984 yalitokea mauaji ya Wagalla, karibu na Wajir. Annalena alikwenda kutafuta waliobaki hai na kusaidia kuzika waliokufa, na habari zikafika nje. Baada ya hapo alilazimika kuondoka Kenya. Akaenda Somalia, akaanza tena kazi ile ile, vitani na njaani, na tangu 1996 akawa Borama, akiendesha hospitali ya TB. Huko hakukuwa na Mkristo mwingine wa kusali naye. Yeye mwenyewe alieleza kwamba askofu wa Djibouti alikuwa anakuja mara mbili tu kwa mwaka, karibu na Noeli na karibu na Pasaka, kumwadhimishia Misa. Ninyi wa vigango vya mbali mnaomngoja padre mwezi mzima, mfikirieni huyo.

Mwaka 2003 Umoja wa Mataifa ulimpa tuzo ya Nansen kwa ajili ya kazi yake. Tarehe 5 Oktoba mwaka huo huo alipigwa risasi palepale hospitalini Borama, akafa.

Watu humkumbuka kwa kifo chake. Naelewa. Sisi wa Isiolo pia, tukimtaja Askofu Luigi Locati, kitu cha kwanza tunachosema ni kwamba aliuawa kwa risasi tarehe 14 Julai 2005. Nilikuwa kijana na nakumbuka vile mji ulivyonyamaza. Lakini Locati alikuja Kenya kutoka Vercelli, Italia, miaka ya 1960, na risasi ilikuwa kazi ya dakika moja. Iliyobaki ilikuwa barabara, visima, shule, lishe ya watoto, watu waliobisha mlango wakati amechoka. Annalena naye, kutoka 1969 hadi 2003, ni miaka 34. Asubuhi alizogawa vidonge zilikuwa maelfu. Hakuna aliyepiga picha asubuhi hizo.

Dawa inavyofanya kazi

Niseme kidogo juu ya TB yenyewe, kwa sababu jirani zetu bado wanakufa kwayo na haipaswi kuwa hivyo. Kikohozi kisichoisha, jasho la usiku, kukonda, homa za jioni: nendeni mkapimwe. Katika vituo vya serikali matibabu ni bure. Kwa TB ya kawaida mgonjwa humeza dawa za aina nne kwa miezi miwili, halafu aina mbili kwa miezi minne.

Hatari haipo mwanzoni. Mwanzoni mtu anaogopa kufa, kwa hiyo anameza. Hatari huja pale anapopata nafuu. Baada ya wiki chache kikohozi kinapungua, chakula kina ladha, nguo zinaanza kumkaa vizuri. Anajiona amepona. Lakini vijidudu vingine bado vimejificha ndani ya kifua, na vile vilivyobaki ndivyo vigumu. Akiacha hapo, ugonjwa hurudi, na ukirudi huenda dawa za kwanza zisiuweze tena.

Hivyo ndivyo na mtu aliyekutana na Mungu. Nafuu inakuja haraka. Pombe inapungua, nyumba inatulia, mke anacheka tena. Jirani wanasema fulani amebadilika. Naye anaamini. Halafu anaacha vidonge: sala ya asubuhi, Jumuiya ya Alhamisi, ile shilingi 50. Haachi kwa ubaya. Anaacha kwa sababu anajisikia vizuri.

Na kile Annalena alichokiona ni kwamba huwezi kumwachia mgonjwa amalize miezi sita kwa nguvu ya moyo wake peke yake. Unampa mahali, unampa saa, unampa mtu wa kumwangalia akimeza. Moyo hubadilika na hali ya hewa. Manyatta inabaki palepale.

Daftari langu

Nilisema nitalifungua.

Miaka kadhaa iliyopita nilikwenda mafungo wakati wa Kwaresima. Usiku wa pili, mbele ya Sakramenti Takatifu, nilijua kwamba Bwana ananitazama. Siwezi kueleza zaidi ya hapo. Nililia mpaka sista akaniletea maji. Nikachukua karatasi nikaandika kwamba kila Alhamisi, baada ya kazi, nitamtembelea mgonjwa mmoja, si kama mfanyakazi wa ofisi bali kama dada yake. Karatasi nikaiweka ndani ya Biblia.

Mgonjwa niliyepewa alikuwa mzee mmoja pembeni ya mji, ana TB, anaishi na mjukuu wake wa kike. Vidonge alikuwa anachukua kwenye dispensari. Mimi kazi yangu ilikuwa kukaa naye, kuangalia kadi yake, kumsikiliza akitukana serikali. Jina langu hakuweza kulishika, kwa hiyo alikuwa ananiita Alhamisi. Nikifika kwenye mlango anasema, Alhamisi amefika, weka chai.

Nilikwenda karibu miezi mitatu bila kukosa. Halafu kukawa na ripoti ya wafadhili. Wiki nyingine kukawa na semina Nairobi. Halafu mvua, barabara ni matope. Nilikuwa namwombea, hilo nasema kweli. Nilimtumia salamu na mtu wa bodaboda. Na kwa kuwa mara ya mwisho nilimwona amenenepa, nikasema moyoni huyu sasa yuko sawa, kuna wengine wenye shida zaidi.

Yeye naye alisema yuko sawa. Mvua ile iliyonizuia mimi ndiyo iliyomwondoa yeye. Majani yalikuwa yamechipuka, akafuata mbuzi wa mwanawe, na vidonge vikabaki nyumbani kwenye mkebe. Aliporudi alikuwa anatema damu. Alianzishiwa dawa upya lakini mwili ulikuwa umechoka. Alikufa kabla ya mwezi wa pili kwisha. Mjukuu alipopimwa alikutwa nayo.

Wenzangu waliniambia si kosa langu, mzee alikuwa mtu mzima, dispensari ilikuwepo. Ni kweli. Mimi sikuwa nimeahidi kumponya. Nilikuwa nimeahidi Alhamisi.

Kwa muda mrefu sikuifungua ile Biblia mahali karatasi ilipo. Nilisali kwa kitabu kingine. Nilitamani Mungu anipe kazi mpya, mafungo mengine, nianze na ukurasa safi, ili ule wa zamani usisomwe. Nilikuwa Shekemu. Nilijenga hata madhabahu huko, maana kanisani sikukosa.

Aliyenirudisha ni padre mmoja mzee kwenye kitubio. Hakunipa rozari tano. Aliniuliza mjukuu anameza dawa na nani.

Kupanda Betheli

Someni sasa Mwanzo 35:1–7, na mwangalie vile Yakobo anavyorudi. Haendi peke yake usiku kimya kimya. Anaita boma lote. Anawaambia watoe miungu ya kigeni, wajitakase, wabadilishe nguo. Wanampa vile vitu na hata hereni, anavizika chini ya mwaloni pale Shekemu. Halafu wote wanapanda pamoja. Nadhiri aliiweka akiwa kijana mmoja mwenye fimbo, lakini kuitimiza alihitaji watu.

Kanisa letu linajua hili, ndiyo maana kila mwaka usiku wa Pasaka tunaulizwa tena maswali yale yale ya ubatizo na tunajibu tena kwa sauti, na mishumaa mkononi. Hatubatizwi upya. Ni kama mgonjwa anayerudi kliniki kuonyesha kadi.

Kwa kikundi, naona mambo haya yanasaidia. Ahadi iwe ndogo na iwe na siku yake. "Tutawasaidia wagonjwa" si ahadi, hayo ni matumaini. "Jumapili ya kwanza ya mwezi, shilingi 50, kwa mama fulani" ni ahadi. Iwe na shahidi: mtu mmoja ambaye kazi yake ni kuuliza, na asiwe mwenyekiti, kwa sababu mwenyekiti huogopwa na watu humwambia uongo. Na muhimu zaidi, mkubaliane mapema mtafanya nini mtu akikosa. Katika mpango wa TB, mgonjwa asipofika kuchukua dawa, mhudumu anamfuata nyumbani. Hangoji mgonjwa aone aibu ya kutosha ndipo arudi, kwa maana aibu humfukuza mtu mbali zaidi. Kikundi nacho kitume watu wawili wiki hiyo hiyo, waende na sukari au majani chai, wasiende na faini. Najua katiba za vikundi vingi zimejaa faini. Faini ya merigoraundi sawa. Faini ya nadhiri sijaona ikimrudisha mtu.

Na kuna ahadi ambazo kikundi kiliweka kwa moyo wa siku ile, na uwezo haukuwepo. Hizo msizifiche. Zipunguzwe mbele ya wote na sababu iandikwe. Kama mlisema watoto wawili na uwezo ni wa daftari na kalamu za mtoto mmoja, mtoto huyo mmoja anangoja kalamu.

Yule mjukuu alimaliza miezi sita. Alhamisi nilikuwa mimi. Siku nyingine alikuwa mama jirani, Mborana, Mwislamu, ambaye hakuwa ameweka nadhiri ya karatasi kwa mtu yeyote na hakukosa hata siku moja. Kadi ilipojaa tulikunywa chai kwa ule mkebe wa babu yake, kwa sababu vikombe havikutosha.

Maswali na kazi

Zungumzeni kwanza: Yakobo alikwama Shekemu, mahali pazuri, penye shamba lake. Shekemu ya kikundi chetu ni nini? Mnaweza kujibu kwa kuchora ardhini, au kwa igizo fupi la yule mfugaji anayeacha dawa baada ya kupata nafuu. Igizo likifanywa vizuri watu watacheka mwanzo halafu watanyamaza. Wacheni wanyamaze.

Kisha rudini kwa daftari ambalo liko wazi hapo katikati. Azimio lisomwe mara ya pili. Amueni kama linaendelea lilivyo au linapunguzwa, na chini yake, kwa ukurasa ule ule wala si mpya, katibu aandike tarehe ya leo, jina la mtu anayengojewa na azimio hilo, siku ya juma, na majina ya wawili watakaokwenda kwanza.